Jinsi ya Kuandaa Jioni ya Masolo na Rafiki Juu ya Muziki, Filamu na Mpira

Marafiki wawili wanaopenda muziki, filamu na mpira wanaweza kukaa pamoja tangu jua kuzama hadi usiku wa manane, wakataja wanamuziki, waigizaji na wachezaji wasio na idadi, kisha wakaagana bila mmoja kujua mwenzake anapenda nini hasa na anakipenda kwa sababu gani. Katika mji kama Lubumbashi, ambako rumba ya Kinshasa, nyimbo za Dar es Salaam, muziki wa Zambia, filamu za Nigeria na tamthilia za Amerika ya Kusini huingia katika lupango moja, yaani ua mmoja wa nyumba, siku moja, jambo hilo hutokea kwa urahisi, kwa kuwa kila jina huvuta jingine kabla la kwanza halijazungumzwa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kumwalika rafiki nyumbani na kupiga naye masolo, yaani mazungumzo, yenye kina. Ushauri wangu wote unatokana na imani moja: mazungumzo huwa mapana pale wazungumzaji wanapokaa juu ya wimbo mmoja, au mechi moja, au picha moja, kwa muda wa kutosha hadi jambo hilo lenyewe liwapeleke kwenye jingine.

Mgeni, siku na mahali

Mwalike mtu mmoja tu. Mkiwa watatu, wawili hubishana na wa tatu huwa mtazamaji, na watu wanaotazamwa huanza kusema ili washangiliwe. Ni vizuri pia mgeni awe mtu aliyelelewa tofauti kidogo nawe: aliyekulia Katuba ikiwa wewe ulikulia Kampemba, au aliyekuzidi umri, mtu unayemwita yaya, yaani kaka au dada mkubwa, mwenye kumbukumbu za kaseti na za vibanda vya video ambavyo wewe ulivikuta vimekwisha kufungwa. Unapomwalika, mweleze waziwazi nia yako, umwombe jambo moja tu: aje na wimbo mmoja ambao hajawahi kukusikilizisha. Ombi hilo dogo humfanya aanze kufikiri tangu siku ya mwaliko, na atakapofika mlangoni tayari atakuwa na jambo moyoni.

Jumamosi inafaa kuliko siku nyingine, isipokuwa pale timu ya Mazembe inapocheza, maana usiku wa mechi hakuna mazungumzo mengine yatakayosimama katika mji huu. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku wetu ni wa baridi, na wengi hupenda kukaa karibu na mbabula, yaani jiko la makaa. Iweke barazani au uani, mahali penye hewa, wala usiiingize kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu makala (makaa) yanayowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa wamesinzia. Wakati wa mvua, hasa kuanzia Novemba hadi Machi, tatizo ni jingine: mvua kubwa ikipiga juu ya mabati, hamtasikilizana hata mkikaa goti kwa goti. Ikiwa nyumba yako haina dari, fikiria kukutana mapema alasiri, au uwe tayari kunyamaza na kula hadi mvua ipungue.

Umeme hukatika, na kila mkazi wa Lubumbashi analijua hilo. Chaji simu, taa na spika ndogo tangu asubuhi, na upakue nyimbo mnazotaka kusikiliza kabla mgeni hajafika, kwa sababu kutafuta wimbo mtandaoni usiku humaliza mega za intaneti na, baya zaidi, huyapeleka macho ya mwenyeji kwenye kioo cha simu wakati mgeni wake anaongea. Spika iwe ndogo na sauti yake iwe ya chini kiasi kwamba mtu anaweza kusema juu ya muziki bila kupaza sauti. Bafle kubwa ni la harusi na matanga.

Kuhusu chakula, kuleni kwanza, mzungumze baadaye. Bukari (ugali) kwa sombe (majani ya muhogo) na ndagala (dagaa) ni chakula kizuri, lakini kinashika mikono yote miwili na akili pia, nacho hakipendi kuachwa kipoe. Baada ya hapo weka vitu vinavyoliwa kidogokidogo: kalanga za kukaanga, au michopo, yaani nyama ya kuchoma, iliyokatwa vipande vidogo na kununuliwa kwa mchomaji wa jirani ikiwa bado moto. Kwa kinywaji, wengi wataweka bia baridi, na hapana ubaya, ingawa mimi napendelea munkoyo, ule uji mwepesi wa mahindi unaotiwa mizizi iliyopondwa na kuachwa hadi kesho yake, kwa sababu mtu anaweza kuunywa jioni nzima na kichwa chake kikabaki safi.

Kuanza kwa wimbo mmoja, na kuusikiliza hadi mwisho

Usianze kwa kuuliza, “Wewe unampenda mwanamuziki gani?” Swali hilo huzaa jina, na jina huzaa jina jingine. Anza kwa kucheza wimbo. Mgeni aliombwa kuja na wimbo wake, nawe uwe na wako. Ucheze wako kwanza, kwa heshima ya mwenyeji anayejitoa mbele, kisha wote wawili mnyamaze hadi uishe. Hili la kunyamaza ni gumu kuliko linavyosikika. Nyimbo za rumba ni ndefu, na mtu aliyezoea kusikiliza akiwa njiani au akiosha vyombo huanza kuongea mara tu sauti ya kwanza inapoingia, asifike kwenye seben, ile sehemu ambako magitaa yanashika kasi na atalaku anaanza kuita wacheza ngoma. Lakini huko mwishoni ndiko yalikofichwa mengi ya kuzungumza. Atalaku mwenyewe hakuwepo tangu zamani: walioingiza sauti ya namna hiyo katika muziki wa kisasa wa Kinshasa ni Zaiko Langa Langa, kundi lililoanzishwa Desemba 1969, nao walifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtu anayelijua hilo anaweza kusikiliza wimbo wa kabla ya miaka hiyo na wimbo wa baada yake, akaeleza kwa masikio yake mwenyewe kilichobadilika.

Wimbo ukiisha, aliyeuchagua asiwe wa kwanza kusema. Aseme aliyesikiliza. Kanuni hii ni ndogo, lakini mimi naiona kuwa na thamani kuliko nyingine zote katika mwongozo huu, kwa sababu anayependa wimbo akianza kuusifu, mwenzake hubaki na njia mbili tu, kukubali au kukataa, na zote mbili ni fupi. Msikilizaji akianza, anaweza kusema jambo dogo alilolisikia: kwamba gitaa la pili linarudia jambo lilelile huku la kwanza likizunguka, au kwamba mwimbaji anataja majina ya matajiri katikati ya kilio cha mapenzi. Hilo la mwisho, ambalo wapenzi wa muziki wetu huliita libanga, linaweza kuchukua saa nzima: nani analipwa ili ataje, nani anataja kwa urafiki, na kama wimbo unapungukiwa heshima kwa kubeba jina la mfanyabiashara. Wapo wanaoona ni fedheha. Mimi naona kwamba muziki daima umehitaji mlezi, na kwamba jina lililotajwa ni hati ya wazi ya malezi hayo, ila nakubali kwamba nyimbo nyingine zimejazwa majina hadi hadithi imekosa pa kukaa.

Maswali ya kuuliza ni yale yanayompeleka mtu mahali. “Ulisikiaka wapi huu wimbo mara ya kwanza?” ni swali zuri kuliko “Unauonaje?” Likifuatiwa na “Ulikuwa na nani?” na “Redio ilikuwa ya nani?”, mgeni ataanza kueleza nyumba, majirani, baba aliyekuwa akirudi kutoka kazini Gécamines, kampuni ya migodi, na kuwasha redio kabla ya kuvua viatu, na kwa njia hiyo wimbo utapata mwili. Jiepushe na maswali ya kupanga safu, yule bora kuliko wote, wale kumi bora, kwa sababu yanageuza kumbukumbu kuwa hesabu.

Mfano wa safari moja

Ili isionekane kwamba nasema maneno matupu, nitaeleza jinsi jambo moja linavyoweza kufungua mengine, nikitumia mfano wa hapa kwetu. Tuseme wimbo wa kwanza wa jioni ni “Masanga” wa Mwenda Jean Bosco. Mwenda alizaliwa mwaka 1930, na asili yake ni Bunkeya, mji wa mfalme Msiri wa Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi yake Afrika ya Kusini, alimrekodi mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Gitaa ni moja, mpigaji ni mmoja, anaimba Kiswahili, na bado anayesikiliza kwa mara ya kwanza hudhani kuna magitaa mawili, kwa sababu kidole gumba kinashika besi huku kidole cha shahada kikicheza sauti ya juu kana kwamba hakimjui mwenzake. Sikilizeni mara mbili. Mara ya pili fuateni besi peke yake.

Baada ya hapo njia ziko nyingi, na kazi ya mwenyeji ni kumwacha mgeni achague. Akivutiwa na lugha, mtaongea juu ya Kiswahili cha miji ya shaba na jinsi nyimbo zake zilivyovuka mipaka: Mwenda alikaa kwa muda Nairobi, akawa na kipindi chake redioni huko, na wapiga gitaa wa Kenya wa kizazi kile walijifunza mengi kutoka kwake. Hapo mmefika Afrika Mashariki, na si mbali tena kuongea juu ya nyimbo za leo ambazo Diamond Platnumz ameimba na Fally Ipupa, na Koffi Olomide, na Innoss'B kijana wa Goma, na kuuliza kama njia hiyo kati ya Kongo na pwani ilifunguliwa na hao au ilikuwepo tangu siku za Mwenda. Jibu langu ni kwamba ilikuwepo, na kila kizazi hupita humo kikidhani kimeivumbua.

Akivutiwa na safari zenyewe, mwambie kwamba mwaka 1969 Mwenda alipiga gitaa lake katika tamasha la Newport nchini Marekani. Kutoka hapo mnaweza kugeuza jambo na kuuliza ni wanamuziki gani wa Marekani waliokuja kwetu, na bila kulazimisha mtafika Kinshasa, Septemba 1974, ambako James Brown, B. B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba walipanda jukwaa moja na wanamuziki wetu katika tamasha la siku tatu. Tamasha hilo lilipangwa liende sambamba na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman aliumia juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likaahirishwa, na Ali akamwangusha katika raundi ya 8 tarehe 30 Oktoba, wiki kadhaa baada ya wanamuziki kwenda zao. Angalieni jinsi mlivyotoka kwenye muziki mkaingia kwenye ngumi bila mtu kusema “tubadilishe mada”. Na kwa kuwa filamu ya kumbukumbu iliyotengenezwa juu ya pambano hilo ilichukua miaka zaidi ya 20 kukamilika, ikatoka mwaka 1996 na kupata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, tayari mmeingia kwenye sinema, na swali la kuuliza ni zito: kwa nini siku zetu kubwa hivyo huhaririwa mbali na sisi, na je, tungezihariri vingine kama kanda zingebaki mikononi mwetu?

Mwaka huohuo wa 1974 una mlango mwingine, nao kwa Lubumbashi ni mpana zaidi. Mwezi Juni Zaire ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, katika Ujerumani ya Magharibi, ikafungwa na Scotland 2-0, na Yugoslavia 9-0, na Brazil 3-0. Katika mechi ya mwisho Brazil walipata mpira wa adhabu, na beki Mwepu Ilunga, mchezaji wa timu yetu ya Mazembe iliyochukua ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968, alitoka mbio kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazili hawajaugusa. Ulimwengu ulicheka, na kwa miaka mingi picha ile ilirudiwa katika televisheni za Ulaya kama ushahidi kwamba Waafrika hawakujua sheria za mchezo. Baadaye Mwepu alieleza kwamba alizijua vizuri, na kwamba alifanya vile kwa hasira juu ya wakuu waliowanyima wachezaji fedha zao, akitaraji kufukuzwa uwanjani. Mwamuzi akampa kadi ya njano tu. Weka jambo hili mbele ya rafiki yako, kisha muulize anaamini nini. Hapa hamna tena ubishi wa nani bora. Mnazungumza juu ya nani ana haki ya kueleza maana ya picha iliyoonwa na watu wote, na hilo ni jambo ambalo watu wawili wenye akili wanaweza kulishikilia hadi makala yageuke majivu.

Kwenye mpira, mji huu una swali jingine lisilokosea kamwe: “Ulikuwa wapi siku ile?” Siku yenyewe haihitaji kutajwa. Ni tarehe 14 Desemba 2010, Abu Dhabi, Mazembe ilipoifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, huku kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio kwenye majani. Muulize, kisha unyamaze, kwa sababu atasema mengi.

Pale mnapotofautiana

Ubishi utakuja, na usiuogope. Ule wa Wenge Musica ni mfano unaojulikana na kila mtu aliyezidi miaka thelathini: kundi liligawanyika mwishoni mwa mwaka 1997, JB Mpiana akabaki na wake na Werrason akaenda na wake, na mashabiki wao walibishana kwa miaka mingi kwa moto ambao hata tamasha la kuwakutanisha, tarehe 30 Juni 2022 katika uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, halikuuzima kabisa. Ikiwa wewe ni wa JB na rafiki yako ni wa Werra, msirudie maneno mliyoyasema shuleni. Badilishaneni zamu: wewe umtetee Werrason kwa dakika kumi, kwa nia njema, ukichagua wimbo wake ulio bora kwa maoni yako, naye afanye vivyo hivyo kwa JB Mpiana. Nimeona watu walioshikilia upande mmoja tangu utoto wakikaa kimya baada ya zoezi hili, kwa sababu kumtetea mtu kwahitaji kumsikiliza, na wengi hawakuwahi kuusikiliza upande wa pili hadi mwisho wa wimbo hata mmoja.

Ubishi wa ukweli wa mambo ni tofauti na ubishi wa maoni, nao unahitaji dawa yake. Mmoja akisema wimbo ulitoka mwaka 1985 na mwingine akisema 1987, msichukue simu. Andikeni swali kwenye karatasi na mwendelee. Simu ikishawashwa kwa ajili ya mwaka mmoja, itaonyesha ujumbe wa shangazi, kisha video ya mtu anayeanguka, na mtakapoinua macho mtakuwa mmesahau mlikuwa mnasema nini.

Kusimulia filamu bila kumchosha mwenzako

Sehemu hii inahitaji uangalifu, kwa sababu anayeipenda filamu hutaka kuisimulia yote, na asiyeiona hulazimika kukaa kama mtoto anayengojea hadithi iishe. Kwanza uliza kama ameiona. Ikiwa hajaiona na anataka kuiona, usiseme mwisho wake. Chagua tukio moja, ikiwezekana la katikati, na ulieleze kwa ukamilifu: nani amesimama wapi, mwanga unatoka upande gani, nani amenyamaza. Tukio moja lililoelezwa vizuri humpa msikilizaji hamu na pia humpa la kuuliza, wakati muhtasari wa filamu nzima humpa uchovu tu.

Kwa jioni ya Lubumbashi ningependekeza Augure, filamu ya Baloji, mzaliwa wa mji huu aliyekulia Ubelgiji na kuanza kama mwanamuziki wa rap, ambayo ilionyeshwa Cannes mwaka 2023 na kupata tuzo ya sauti mpya katika sehemu ya Un Certain Regard. Inamhusu mtu anayerudi Kongo na kukuta familia yake ikimwona kama mwenye uchawi. Ni vigumu watu wawili wa mji wetu kuiongelea filamu hiyo bila kuongelea nyumba zao wenyewe, kwa hiyo mwenyeji awe mpole: mgeni akigusa mambo ya ukoo kisha akayaacha, usimvute ayarudie. Mnaweza kurudi kwenye mavazi na rangi, ambazo Baloji amezitunza sana, na mazungumzo yakabaki na afya.

Hatari nyingine ni tofauti ya umri. Yaya wako aliyekulia kwenye filamu za kung fu za vibanda vya video anaweza kuona katuni za Kijapani kama mambo ya watoto, nawe ukaona filamu zake kama makelele ya makofi. Badala ya kuoneana huruma, tafuteni mahali ambapo njia zenu zilikutana kabla yenu. Akira Toriyama, aliyeanza kuchora Dragon Ball mwaka 1984, alichota katika hadithi ya kale ya Kichina ya safari ya kwenda magharibi na katika filamu za Jackie Chan alizozipenda. Yule mzee mlevi anayefundisha kupigana, ambaye yaya wako alimwona katika kanda iliyochakaa, ameingia katika katuni uliyoitazama kwa Kifaransa ukiwa mtoto. Mweleze hilo, umwonyeshe ukurasa mmoja tu, kisha umwombe akueleze jinsi kibanda cha video kilivyokuwa: nani alilipa, nani alichungulia dirishani, nani alisimama mbele na kutafsiri kwa sauti kila Bruce Lee alipofungua kinywa. Wale wafasiri wa vibanda walikuwa wasanii kwa haki yao, na naona ni hasara kwamba wengi wao hawakurekodiwa.

Picha za ukutani

Kuna mada moja ambayo watu huisahau wanapopanga jioni ya namna hii, nayo kwa maoni yangu ndiyo tajiri kuliko zote. Muulize rafiki yako ni picha gani ilikuwa imetundikwa sebuleni kwa wazazi wake. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi zilikuwa na michoro ya rangi iliyonunuliwa kwa wachoraji waliopita mlango kwa mlango: mamba muntu, yaani nguva, mwenye nywele ndefu na nyoka wake, kijiji kando ya mto, au askari wa Kibelgiji akisimamia mfungwa anayechapwa viboko. Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea mtafiti Johannes Fabian historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100, akiieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha hapa, na maelezo yake yakanaswa kwenye kanda. Tshibumba hakujiita mchoraji tu. Alijiona kuwa mwanahistoria, na anayetazama picha zake anaona kwamba alistahili jina hilo.

Swali la picha ya ukutani hufanya kazi kwa sababu kila mtu analo jibu, hata asiyejua jina la mchoraji yeyote. Kama ukuta haukuwa na mchoro ulikuwa na kalenda, na kama haukuwa na kalenda ulikuwa na bango la mwanamuziki, au la timu, au picha ya Bwana Yesu yenye taa nyuma yake. Muulize nani aliinunua, ilikaa miaka mingapi, na ilikwenda wapi nyumba ilipohamwa. Mara nyingi picha ilitoweka katika msukosuko ambao familia haijauongelea sana, iwe ni kufukuzwa kazi, iwe ni kuhama mji, na mgeni atajua mwenyewe kama anataka kufika huko. Vijana wenu, ikiwa mnao, watajibu kwamba ukuta wao ni kioo cha simu. Msiwakatae, waulizeni ni picha gani wameiweka hapo na wameibadilisha mara ngapi.

Kufunga jioni

Msingoje uchovu uwafunge. Mgeni akianza kurudia jambo alilokwisha kulisema, au wewe ukijikuta ukitazama mbabula kuliko uso wake, chezeni wimbo wa mwisho, na huo uwe ule aliokuja nao, ikiwa mlikuwa hamjaufikia. Fikiria pia njia yake ya kurudi: taxi za kwenda Ruashi au Katuba hupungua usiku ukikua, kwa hiyo ni adabu kumwita dereva unayemfahamu kabla hajaanza kutafuta viatu, na kumsindikiza hadi barabarani.

Kesho yake chukua ile karatasi ya maswali yaliyobaki, uyatafutie majibu taratibu, na umtumie kwa ujumbe, pamoja na majina ya nyimbo mlizosikiliza kwa mpangilio wake. Pale alipokuwa na haki, mwambie waziwazi kwamba alikuwa na haki. Kisha mwombe apange yeye jioni ijayo, kwake, akuombe wewe uje na kitu kimoja: safari hii kisiwe wimbo, kiwe picha ya zamani ya familia ambayo nyuma yake, juu ya ukuta, kuna kitu kilichotundikwa.